Katapila la Mahurunga

Shabani Namkoko alikuwa na uongo mmoja alioutunza kwa miaka ishirini na minne, na kwa muda wote huo haukumdhuru mtu. Alisema kwamba wakati wa karanga, Waingereza walipokuja Nachingwea kung'oa pori lote wapande karanga, yeye aliendesha katapila. Alisema hivyo alipomchumbia Zuhura. Akasema tena kwenye sherehe za jando, kwenye matanga watu walipotafuta la kuzungumza, na kila lori lilipokwama njiani. Watu wa Mahurunga wakamzoea, wakamwita Dereva, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akiendesha hata baiskeli.

Ukweli ni kwamba Shabani alikuwa mpakaji grisi. Alfajiri, kabla mitambo haijaanza kazi, alitambaa chini ya matumbo yake na bomba la grisi mkononi, akajaza kila tundu, akakaza minyororo ya kutembelea, akaiwasha injini na kuiacha ipate moto. Kisha dereva alikuja na kofia yake, akapanda, Shabani akashuka. Ilikuwa hivyo kwa miaka miwili. Kiti kile cha ngozi hakuwahi kukikalia ila siku moja mvua iliponyesha na dereva akakimbilia kibandani.

Mwaka 1975 uongo huo ukatafutwa na wenye shida.

Mwaka uliotangulia vitongoji vyote vya bondeni vilikuwa vimehamishiwa kijijini, nyumba zikapangwa kwa mistari, midomo ya kulishwa ikaongezeka maradufu. Shamba la ujamaa la mpunga lilikuwa kule chini, karibu na Ruvuma, kwenye udongo mweusi usiohitaji mbolea. Tatizo lilikuwa maji. Mto ukifurika kutoka juu, na bahari ikijaa bamvua kutoka chini, maji hayo mawili hukutana Mahurunga, na mpunga unaobaki hapo huwa na ladha ya chumvi. Wanakijiji walijenga tuta kwa majembe na makarai. Likavunjika. Wakajenga tena, wanaume na wanawake, miezi mitatu ya kiangazi. Masika yakaja, tuta likaondoka asubuhi moja kabla watu hawajamaliza kunywa uji.

Ndipo bwana shamba, kijana wa Kingoni aitwaye Mikaeli, akarudi kutoka mjini na habari. Upande wa Mikindani kulikuwa na shamba la mkonge lililokuwa likifungwa, na vitu vyake vilikuwa vinauzwa. Kulikuwa na katapila.

"Ni kuukuu," Mikaeli aliuambia mkutano wa kijiji. "Nadhani limenizidi umri. Lakini bamba lake la mbele ni zima, na kazi ya siku moja ya chuma kile ni kazi yetu ya mwezi."

Mwenyekiti Rashidi Mnalima alikuwa mtu wa kupima maneno. Akauliza, "Tukilinunua, nani ataliendesha? Dereva wa mjini atataka mshahara wa mjini."

Vichwa viligeuka tu, kimoja baada ya kingine, mpaka vyote vikamwelekea Shabani.

"Nitaliendesha," akasema Shabani. Neno lilitoka lenyewe, kama mtu anayeitikia salamu.

Jioni ile Zuhura alifua kaptula ya kaki ya mumewe na kuianika juu ya ua. Alikuwa anaimba. "Baba Sharifa," akasema, "leo wanawake wenzangu walinipisha kisimani nichote kwanza." Shabani alifungua kinywa amwambie. Akamtazama usoni jinsi alivyong'aa, akakifunga.

*

Walikwenda watatu: Rashidi, Mikaeli na Shabani. Shamba lile la mkonge lilikuwa limeshaanza kuota nyasi kati ya mistari. Katapila lilikuwa ndani ya banda la mabati, rangi yake ya manjano imebabuka, mmea wa kutambaa umepita katikati ya minyororo na kutokea juu ya kiti. Aliyewapokea alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye chale za Kimakonde shavuni na rozari shingoni. Aliitwa Modesta. Marehemu mumewe, Josephu, ndiye aliyekuwa dereva wa katapila lile. Tangu alipofariki Modesta aliachiwa funguo za banda.

Shabani aliliona katapila akalitambua. Lilikuwa la aina ileile ya Nachingwea. Akavua shati. Akachomoa mmea ule, akapiga magoti, akaingia chini yake, na mikono yake ikakumbuka kila kitu. Aliomba grisi, akaomba dizeli ya kuoshea chujio, akaomba petroli kidogo. Katapila la zamani lina injini mbili: moja ndogo ya petroli, ya kuivuta kwa kamba, na kazi yake ni kuiamsha ile kubwa. Alihangaika na ile ndogo mpaka adhuhuri. Ilipowaka, akaiacha ilie, akashika mpini, akaunganisha. Injini kubwa ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikanguruma, mabati ya banda yakatetemeka, popo wakatoka.

Rashidi alicheka kwa sauti, jambo ambalo Mikaeli hakuwahi kuliona. "Dereva!" akapaaza sauti. "Hebu litoe nje tulione!"

Shabani aliifuta mikono yake kwa muda mrefu. "Minyororo imelegea, Mwenyekiti. Nikilisogeza leo itachomoka. Ikazwe kwanza."

Kweli ilikuwa imelegea. Rashidi akaridhika, akaenda ofisini na Mikaeli kuzungumza bei. Shabani akazima injini. Alipogeuka, Modesta alikuwa bado amesimama pale, mikono kifuani.

"Kaka," akasema Modesta, "umeliwasha vizuri kuliko marehemu. Lakini hukukitazama kiti hata mara moja. Dereva akifika hutazama kiti."

Shabani alikaa juu ya mnyororo. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote. Sasa akamwambia mtu ambaye alimjua tangu asubuhi tu. Alipomaliza, Modesta hakumcheka.

"Josephu alipatwa na ugonjwa wa macho," alisema. "Kwanza aliacha kuona ya pembeni, kisha ya mbele. Tungefukuzwa nyumba ya kampuni. Basi nikawa nakaa naye juu, watu wakidhani nampelekea chakula. Mwanzo nilimwambia tu: kushoto, kulia, simama. Baadaye akaniwekea mikono kwenye mipini. Miaka mitatu ya mwisho, kaka, aliyelima barabara zote za shamba hili ni mimi. Yeye alikaa pembeni na kofia yake."

"Kwa nini hukusema?"

"Na wewe kwa nini hukusema?"

Kisha Shabani akamwomba aje Mahurunga. Kijiji kilikuwa na viwanja, na yeye Modesta, shamba likishafungwa, alikuwa hana pa kwenda. Kwao ilikuwa ng'ambo ya Ruvuma, na aliondoka huko akiwa msichana.

"Nitakuja," akasema Modesta. "Lakini neno utalisema wewe, sio mimi. Na utalisema kabla chuma hiki hakijamponda mtu."

*

Fedha za korosho za msimu mzima zilikwenda kwenye katapila lile. Baada ya wiki mbili Mikaeli alifanikiwa kuazima lori la treila la kubebea mitambo, pamoja na dereva wake, Yohana, mtu mnene aliyependa kutafuna tangawizi. Katapila likavutwa kwa winchi mpaka juu ya treila, likafungwa minyororo pande nne. Modesta akapanda na sanduku lake la bati na mkeka. Rashidi aliambiwa kuwa mama huyu ndiye anayejua vipuri vilipo, akakubali bila kuuliza zaidi.

Walipita Mtwara mjini saa mbili asubuhi. Pale Magomeni wanawake waliacha vinu vya kutwangia wakatoka barazani, mchuuzi wa kahawa akasahau birika lake, wanafunzi wakavunja mstari. "Linakwenda wapi hilo?" mtu akauliza. "Mahurunga!" Rashidi alijibu kutoka kwenye chumba cha dereva wa lori, kwa sauti ya mtu anayetaja jina la mkoa. Wanaume kumi na wawili wa kijiji waliokuja kusaidia walikuwa wamesimama kwenye treila, wameegemea katapila kama ndugu yao. Shabani alikuwa kati yao. Kila alipopungiwa mkono, alijifanya anakagua minyororo.

Baada ya Madimba barabara ikawa mchanga, kisha udongo mwekundu, kisha njia tu kati ya mikorosho. Mchana walifika kwenye korongo lenye kijito, ambalo juu yake palikuwa na daraja la magogo. Yohana akasimamisha lori. Alishuka, akatembea juu ya daraja, akaruka-ruka mara mbili, akarudi.

"Hapa mimi basi," akasema. "Nikipitisha mzigo huu, lori litalala na samaki. Shusheni. Lipite kijitoni kwa miguu yake lenyewe. Kutoka hapa kwenu ni maili ngapi?"

"Tisa," akasema Mikaeli.

"Maili tisa si kitu kwa dereva wenu."

Yohana alirudisha lori kinyumenyume mpaka treila likagusana na tuta la pembeni, ili katapila lishuke kwenye usawa wa ardhi. Mbele ya hapo kingo za korongo zilishuka kwa mteremko mkali mpaka majini. Minyororo ikafunguliwa. Shabani aliiwasha injini. Wanaume watano hawakutaka kushuka. Walikaa juu ya katapila, mmoja akaanza wimbo, wakisema wataingia nalo ng'ambo kama mabwana harusi. Mmoja wao alikuwa Selemani, mume wa Sharifa, binti pekee wa Shabani.

"Panda, Dereva!" akasema Rashidi.

Shabani alipanda. Alikaa kwenye kiti. Aliitazama mipini miwili iliyosimama mbele ya magoti yake, akautazama mteremko, akamtazama Selemani aliyekuwa anampigia makofi. Chini, karibu na gurudumu la treila, Modesta alikuwa amesimama na mkeka wake kwapani.

Shabani akashika mkono wa gesi, unaoongeza na kupunguza moto wa injini, akaushusha, injini ikatulia.

"Shukeni," akasema. "Nyote shukeni. Mimi sijui kuendesha."

Wakacheka.

"Sijui. Sikuwahi. Nachingwea nilikuwa napaka grisi. Nilikuwa naliwasha, wengine wanaliendesha. Nimewadanganya miaka yote."

Wimbo ulikatika. Wanaume wakashuka mmoja mmoja bila kumtazama. Rashidi alikuja mpaka kwenye mnyororo, akainua uso. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Shabani. Korosho za kijiji kizima."

"Najua."

"Watu wamelala na njaa ili zile korosho ziuzwe."

"Najua, Mwenyekiti. Nilaani baadaye. Yupo anayeweza." Akamwelekezea mkono Modesta, kisha akashuka.

Baadhi ya wanaume walidhani ni uongo mwingine. Mmoja akasema afadhali mpakaji grisi kuliko mjane wa shamba la mkonge. Lakini Modesta alikuwa ameshampa Mikaeli mkeka amshikie. Alijifunga kanga kiunoni juu ya gauni, akapanda, akakitazama kiti, akakifuta, akakaa. Aliwaambia watu wasimame mbali, upande wa juu. Kisha katapila likateremka kutoka kwenye treila taratibu, kama ng'ombe anayeshuka kunywa maji.

Shabani alikuwa karibu kuliko wote. Kwenye mteremko aliona katapila likianza kwenda upande wa kulia, palipokuwa na genge, na akajua Modesta alitaka kurudi kushoto. Akaona mkono wake ukivuta mpini wa *kulia*. Na chuma chote kile kikageuka kushoto. Baadaye Modesta alimweleza: kwenye mteremko mkali, injini ikiwa haivuti, mipini hufanya kinyume na kawaida, na asiyejua huvuta wa kushoto akaenda kulia mpaka anapinduka. Lakini Shabani hakuhitaji kuelezwa. Alikwisha kuelewa pale pale. Yeye angevuta wa kushoto, na Selemani angekuwa amekaa juu.

Katapila liliingia kijitoni, maji yakafika nusu ya minyororo, likavuka katikati, na hatua chache kabla ya ukingo wa pili likazama kwenye tope. Modesta akaongeza gesi. Minyororo ikazunguka, ikachimba, likazidi kuzama.

"Mama, acha! Acha kuzungusha!" Shabani alikuwa ameshaingia majini. "Punguza gesi!"

Modesta akapunguza. Kwa mara ya kwanza siku ile alionekana mwenye hofu. "Kwenye mkonge ni pakavu," akasema. "Hatujawahi kukwama."

"Nachingwea tulikwama kila wiki ya masika," akasema Shabani. "Kazi ya kulitoa haikuwa ya dereva. Ilikuwa yetu."

Aliwageukia wale wanaume. Hakujua kama watamsikiliza. "Chini ya daraja kuna gogo lililoanguka. Nalitaka hapa, mbele ya minyororo. Na leteni minyororo ile ya kufungia."

Walisitasita. Wa kwanza kuingia majini alikuwa Selemani, na wengine wakafuata, maana hakuna aliyetaka kwenda kuueleza mkutano wa kijiji kwamba katapila limeachwa kijitoni pamoja na kambare. Gogo likaburutwa. Shabani alizama mpaka shingoni, akalifunga kwa zile za kufungia kwenye minyororo ya katapila, upande huu na upande ule, likalala kwa kukingama mbele ya katapila.

"Mama, sikiliza," akasema. "Ukisogea mbele, gogo litaingia chini, nawe utapanda juu yake. Lakini lisije likazunguka likatokea nyuma. Likitokea litapanda na kukivunja kiti chako. Nitatembea pembeni. Nikiinua mkono, simama hapo hapo."

"Nakuangalia," akasema Modesta.

Injini ikanguruma. Gogo likavutwa chini ya tope, likapotea, na katapila likatetemeka, likainuka pua. Likasogea hatua moja. Shabani alikuwa anatembea majini kinyumenyume, macho kwenye mnyororo, akihesabu pingili zilizobaki kabla gogo halijaibuka. Likasogea tena. Ncha ya mbele ikaushika ukingo mkavu. Gogo likachungulia nyuma, jeusi, likimwaga maji. Shabani akainua mkono. Modesta akasimama kabisa.

Wakafungua gogo, wakalifunga tena mbele, wakarudia. Mara ya tatu katapila likapanda ukingo, likasimama juu likidondosha tope kama kiboko. Yohana, aliyebaki ng'ambo na lori lake, akapiga honi mpaka betri ikalalamika.

*

Zile maili tisa zilichukua siku mbili, kwa kuwa Shabani alilisimamisha katapila kila maili ili minyororo ipoe na kupakwa grisi. Habari ilitangulia. Walipofika kijijini, watu walilishangilia katapila, wakamshangilia Modesta kwa vigelegele, na wakampa Shabani njia kama anavyopewa mtu mwenye ndui.

Zuhura alikuwa jikoni. Hakuacha kupepeta.

"Mama Sharifa."

"Uliponichumbia uliniambia ulikuwa dereva."

"Nilikuambia."

"Kulikuwa na fundi cherehani wa Kitaya aliyenitaka. Nikamwambia baba, hapana, nataka yule wa katapila." Akaweka ungo chini. Macho yake yalikuwa mekundu. "Selemani ameniambia ulivyosema ukiwa juu, mbele ya watu wote. Ungeweza kujifanya unaumwa tumbo."

"Nililifikiria hilo."

"Najua ulilifikiria. Nimeishi na wewe." Akauinua ungo tena. "Kaoge. Unanuka tope. Na usinisemeshe mpaka Ijumaa."

Ilikuwa Jumatatu. Ilipofika Ijumaa Shabani akamsemesha.

Rashidi hakuwa mwepesi hivyo. Alimtoa Shabani kwenye kamati ya kijiji, na watu wakaacha kumwita Dereva. Wengine walimwita Grisi, na hakupinga. Kila alfajiri, kuanzia Agosti mpaka Oktoba, alitangulia bondeni na bomba lake. Modesta alipofika na kofia ya marehemu kichwani, injini ilikuwa imeshapata moto. Yeye akapanda, Shabani akashuka. Udongo uliosukumwa na lile bamba kwa asubuhi moja uliwafanya wazee waliobeba makarai miaka miwili wasimame wakitikisa vichwa. Wanawake walifuata nyuma wakishindilia na kupanda matete ili mizizi ishike. Modesta alipewa kiwanja mstari wa tatu, na nyumba yake ikakandikwa na watu wale wale waliomkataa pale korongoni.

Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata Ruvuma ilikuja juu. Ilikuja na magogo, na mzoga wa nguruwe pori, na wiki hiyo hiyo ilikuwa bamvua. Asubuhi moja kijiji kizima kilikuwa kimesimama juu ya tuta. Upande mmoja maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, mapana mpaka ng'ambo usiione. Upande wa pili mpunga ulikuwa kijani, umesimama. Maji yalipanda mpaka shubiri mbili chini ya kilele. Yakakaa hapo, kana kwamba yanafikiri.

Rashidi alitembea juu ya tuta mwanzo hadi mwisho, akikanyaga kwa kisigino. Alipofika alipokuwa Shabani, akasimama. Hawakuwa wamezungumza miezi saba.

"Pale mwisho, karibu na mikoko, pametitia," akasema Rashidi. "Maji yakiongezeka patapasuka."

"Nimepaona."

"Chuma kiko tayari?"

"Kina moto."

Rashidi alitazama maji, kisha akamtazama Shabani usoni. "Basi twende, bwana. Mwite mama Modesta. Mimi nitakushikia ndoo ya grisi."

Walikwenda wote watatu, mmoja juu na wawili chini, na saa sita mchana pale mwisho palikuwa pamejazwa. Maji yalikaa siku nne, kisha yakaanza kurudi mtoni.